Sanduku la Tisa

Masanduku kumi na moja yamepanda kilima cha Chimwaga
kwa lori, na vumbi la Dodoma limeyapokea
kabla ya mikono yangu.
Karatasi za marehemu Profesa Gaspard Tevenu,
mwanafalsafa, mwanasosholojia, Mfaransa.
Bintiye ameandika: Baba alitaka zirudi zilikoanzia.
Mimi ni mkutubi. Kazi yangu ni kukipa kila kitu namba.

La kwanza: mji wa makaa ya mawe, baba mwashiria treni,
daftari la hesabu lenye alama za aibu.
La pili: tasnifu iliyokataliwa,
kisha ileile, jalada jipya, ikapita.
La tatu: miaka saba akifundisha falsafa shule ya wavulana,
na kijikaratasi:
"Leo nimeeleza haki saa nzima.
Mtoto akauliza mbona mama yake hulipwa nusu.
Kengele ikaniokoa."
Hapo, nadhani, ndipo alipoacha kuyahoji mawingu
akaanza kuhoji watu.

La nne linanuka moshi.
Mwaka sabini na moja, stesheni ya Ibihwa.
Watu wanahamishwa, tembe zinavunjwa,
naye anashuka na mashine ya kupigia chapa na vidonge vya klorokwini.
Wakamwita Bwana Kwa Nini.
Kwa nini unamwachia jirani ng'ombe akamue, usimuuzie?
Kwa nini mwenye njaa anapimiwa uwele na hakuna anayeandika?
Malaria ikamlaza wiki tatu.
Alipoamka akauliza kwa nini wamemuuguza.

Daftari la kijani, ukurasa wa arobaini:
Mhojiwa namba 31. Mjane. Umri haujulikani. Sesherera.
Ni bibi yangu. Sechelela, binti Mugunhwa,
na umri wake alikuwa akimtajia yeyote aliyeuliza kwa adabu.

"Chombo cha mtu hakirudi kitupu," kajibu.
"Ukirudisha kibuyu kikavu umefagia nyayo zako mlangoni pake.
Tia japo chumvi ya Bahi, kiganja kimoja,
apate sababu ya kukuita tena.
Njia isiyopitwa huota nyasi. Na deni hivyohivyo."

La sita ni kitabu chenyewe. Sura ya tano, maneno yaleyale
yamevishwa koti na tai.
Kilimpa kiti cha uprofesa, kumbi zenye wanafunzi mpaka ngazini,
lugha kumi na mbili, Kiswahili haimo.
Sesherera hayumo, hata kwa kukosewa.
Yumo "mkulima mmoja wa Afrika",
bara zima limekalia kigoda cha bibi.

La nane: kifaa cha kusikia, betri zimevuja.
Dibaji ya toleo jipya, rasimu kumi na moja,
zote zinaanza *Ninadaiwa na*
na zote zinakomea hapo.

La tisa nililifungua nikiwa nimesimama.
Kibuyu. Ufa umeshonwa kwa uzi wa mkonge,
mshono wa bibi, ule wa kwenda kushoto.
Nyumbani tulimcheka: kila mgeni mweupe akipita barabarani
yeye huuliza, "Si yule wa kibuyu changu cha samli?"

Aliiba? Au alielewa mno,
akaogopa kukirudisha, njia ikafungwa?
Sijui. Nimekinusa. Samli imekwisha,
kuna harufu ya kabati la watu.

Kompyuta inadai jina la mwandishi wa daftari la kijani.
Nimeandika Tevenu. Nimefuta. Nimeandika S,
nikatoka nje kwenye upepo kumpigia mama.

Yuko Ibihwa, anapura uwele. Hakushangaa.
Ameuliza moja tu:
"Ndani kuna nini?"
Nikaingiza vidole. Karatasi ya forodha, imekunjwa mara nne:
*Kifaa cha mmea. Hakina thamani.*
Nikamsomea.

Upepo ukala maneno yake ya kwanza.
Ya pili niliyasikia vizuri:
"Kilete. Chumvi ninayo.
Huyo binti yake anakaa wapi?"